Tofu Iliyoachwa Nje

30 Oktoba 1986

Shangazi yangu Guizhen,

Shikamoo. Nimefika salama na vidole vyangu vyote kumi bado vipo, ingawa huku kila asubuhi inabidi nivihesabu ndipo niamini. Treni ya kuja huku kaskazini ilichukua siku nne. Yale madumu mawili ya maji ya kisima chetu yalikaa chini ya miguu yangu njia nzima. Kondakta alitaka kujua nimebeba pombe gani. Nilipomwambia ni maji, alinionea huruma. "Dada," akasema, "huko uendako maji yapo."

Hapa nyumbani kwa mume wangu wote hawajambo. Dehai anaondoka alfajiri kwenda kukagua reli na anarudi na theluji kwenye nyusi. Mama mkwe anasumbuliwa na goti. Yuzhu, mdogo wake Dehai, ana miaka kumi na mitano na kazi yake ni kuuliza. Je, kwenu kweli hakuna majira ya baridi? Je, mnalala bila moto? Baba mkwe, Mzee Sun, amestaafu kutoka kiwanda cha mbao, na nadhani maneno yake yote yalibaki huko. Tangu nifike amesema mara tatu, na mara mbili alikuwa anasema na jiko.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Jumapili niliwapikia tofu. Nilitumia dumu la kwanza kugandishia maziwa ya soya, nikafunga vipande vidogo kila kimoja na kitambaa chake, nikavichoma juu ya makaa mpaka vikavimba, na pilipili ya unga pembeni. Mbele ya kila mtu nikaweka kibakuli, nami nikasimama na mfuko wa mahindi kama nilivyosimama miaka yote kwenye meza yako ya darajani: kipande kinywani, punje kibakulini, kama vile mteja atalipa kwa hesabu ya punje zake. Yuzhu akauliza, "Wifi, hii ni bahati nasibu? Mshindi anapata nini?"

Hakuna aliyeshinda. Dehai punje nne, kwa sababu ni mume wangu. Yuzhu moja. Mama mkwe alimega nusu akairudisha nusu, nami sikujua nusu inawekewa punje gani. Mzee Sun hakupata hata moja. Alikitazama kipande chake, akalaza vijiti, akaenda kuchochea jiko ambalo lilikuwa linawaka vizuri tu.

Sijasahau ulichoniambia stesheni, kwamba watu wakishindwa kula tofu yako hao si watu wako, nirudi. Nimekubali. Lakini nipe mpaka Mwaka Mpya, na uniambie nakosea wapi. Kuigandisha ulikuwa ukifanya peke yako, mlango umefungwa. Mimi nimebahatisha; ninachojua ni kuchoma tu.

Mwanao,
Caiyun


14 Novemba 1986

Caiyun, wewe kichwa kigumu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara moja kwa macho yangu na mara moja kwa mdomo wa Bi Pu wa mlango wa pili, ambaye hakuombwa. Marahaba. Mimi mzima. Bata wa jirani amekufa, mjukuu wa mshona viatu amezaliwa, na mvua imeharibu paa la jikoni upande ule uliokuwa ukilala wewe.

Umeniandikia kwamba hawakula. Hiyo si habari, hicho ni kilio. Nataka kujua walisema nini kwa vinywa vyao. Mtu hasemi "sipendi" bila sababu iliyo nyuma yake. Mama mkwe wako alikirudisha kabla ya kutafuna au baada? Yuzhu alitoa ulimi? Huyo mzee alikitazama kipande kwa juu au alikinusa? Walichovya kwenye nini? Wanakula nini siku ambayo hupiki wewe? Kama ungekuwa hapa ningekupiga na kitambaa cha tofu. Miaka kumi na minane umekaa mezani kwangu ukiangalia watu wanakula, leo unaniletea idadi tu.

Kuhusu tofu yenyewe, naona hukuiacha ikomae. Tofu ya kwetu isipokomaa ni soya iliyokwama. Ifunge, uitafutie mahali penye joto, uiache siku mbili au tatu mpaka iwe na utelezi kidogo na harufu yake ianze kusema. Hapo ndipo uchome.

Bi Pu anataka ile sehemu yangu ya darajani. Mikono yangu haiwezi tena kubana mbao za kukamulia tofu asubuhi kwa baridi, hilo si siri. Nimemwambia asubiri mpaka Mwaka Mpya, kwa sababu huenda mwenyewe akarudi.

Kula vizuri. Vaa soksi mbili.
Shangazi yako


6 Desemba 1986

Shangazi,

Shikamoo. Huku wote wazima isipokuwa mimi, na mimi si mgonjwa, nina aibu tu.

Ulisema mahali penye joto. Katika nyumba hii penye joto ni mahali pamoja tu, yaani kitanda cha matofali kinachopitiwa na moto wa jiko kwa chini, ambacho sote tunalalia. Nikavipanga vipande vyangu arobaini kwenye pembe ya kitanda, chini ya blanketi la akiba. Kwetu siku tatu, huku usiku mmoja ulitosha. Asubuhi mama mkwe aliamka akasema, "Dehai, umeingia na viatu vyako kitandani?" Dehai akasema hapana. Wakatafuta panya. Wakatafuta soksi. Yuzhu ndiye aliyefunua blanketi.

Mama mkwe hakunigombeza, ndiyo maana niliumia zaidi. Alilitoa lile blanketi nje akalitundika kwenye theluji, kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, dukani kwa ushirika wanauza tofu. Usijichoshe." Nilivichoma hata hivyo. Hakuna punje iliyoanguka kibakulini siku hiyo, hata ya Dehai. Alikuwa kazini, au ndivyo alivyosema.

Uliuliza maneno yao, nayo ni haya. Mama mkwe alirudisha baada ya kutafuna. Alisema, "Ni kavu, haina mchuzi ndani." Yuzhu alisema, "Ni ndogo, nimeshaimeza kabla sijaijua." Siku ambazo sipiki mimi wanakula kabichi iliyochachushwa kwenye mtungi, inachemshwa na nyama ya nguruwe yenye mafuta mpaka madirisha yote yanatoka jasho. Mzee Sun hakunusa. Alikitazama kipande kwa ubavuni, kama anayetafuta kitu ndani yake.

Jambo la mwisho ndilo lililonivunja. Dumu la pili nililiweka barazani. Baridi iliyageuza maji kuwa barafu na dumu likapasuka kutoka shingoni mpaka chini. Nilikuwa nimebakiza maji kidogo kwenye birika, nikatengeneza tofu ya mwisho, safari hii bonge moja kubwa kwa sababu sikuwa na moyo wa kukata. Nikatoka kuchukua kuni. Niliporudi, tofu haipo. Yuzhu alikuwa ameitoa nje na kuiweka juu ya ukuta, kwenye theluji, kama unavyotupa maganda. Nikaikimbilia, Shangazi, bila koti. Nikairudisha ndani nimeikumbatia. Nikamwuliza, "Nimekukosea nini?" Akafungua mdomo, akamtazama baba yake, akaufunga. Mzee Sun akasema neno moja, "Mwache," kisha akaenda kwenye jiko lake.

Sijui neno hilo alimwambia Yuzhu kuhusu mimi, au aliniambia mimi kuhusu Yuzhu.

Usimpe Bi Pu ile sehemu. Nadhani narudi. Dehai bado sijamwambia, na kila nikimwona anavua buti zake mlangoni roho inaniuma, kwa sababu yeye sina neno naye. Niandikie haraka.

Caiyun


3 Januari 1987

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata barua yako. Siku kumi na mbili kwenda na kumi na mbili kurudi, nimehesabu, ilipaswa kufika. Je, unaumwa? Mikono? Kama huwezi kushika kalamu mwambie Bi Pu aandike, nitavumilia na nyongeza zake.

Huku wazima. Yuzhu haniulizi maswali tena. Sikujua kelele zile zingekuja kunikosesha usingizi kwa kukosekana.

Nina jambo la kukuambia, na nilikaa nalo siku nzima kabla ya kuamini. Nilikwenda kwenye duka la tofu la ushirika. Nilitaka kuona tofu ya watu wasio na kisima ni kitu gani. Yupo mzee mmoja pale, mikono yake myeupe kwa mvuke. Aliwasha moto, akachemsha maziwa ya soya kama wewe, akayaacha yatulie kama wewe. Kisha akachukua chupa kwenye rafu, akamimina kijiko, akakoroga polepole, kijiko kingine, akakoroga. Na yakaganda, Shangazi. Nilisimama pale pale nikayaona yanakatika vipande kama mawingu.

Nikamwuliza, "Mzee, hayo ni maji ya kisima gani?" Akacheka mpaka akashika meza. "Kisima? Binti, haya ni maji machungu yanayobaki watu wakishavuna chumvi. Yapo kwenye kila duka la tofu kutoka hapa mpaka Harbin. Ulifikiri sisi tumekula nini tangu enzi za mababu?"

Mimi nilibeba madumu mawili siku nne, na jirani yangu ana chupa. Ulijua? Nimeuliza tu. Nimekua nikiamini kwamba bila kisima chetu hakuna tofu duniani, na sikumbuki ni nani aliyenifundisha hivyo. Labda hakuna aliyenifundisha, labda ni kwa kuwa kila mtu alikiinamia tu.

Tiketi bado sijakata. Mwaka Mpya wa kalenda yetu ya kale ni tarehe ishirini na tisa. Nijibu.

Caiyun


15 Januari 1987

Caiyun mwanangu,

Siumwi. Barua yako ya Desemba ilifika siku ile ile niliyoitarajia. Sikuijibu kwa sababu nilijua jibu, na jibu lenyewe lingekubakiza huko. Ya Januari imefika leo asubuhi na naijibu leo, ili posta iwahi. Soma mpaka mwisho ndipo unikasirikie.

Yuzhu hakuitupa tofu yako. Alikuwa anakupikia.

Watu wa huko huiacha tofu nje usiku wa baridi mpaka iwe jiwe. Barafu inatoboa matundu ndani. Asubuhi huiweka kwenye maji ikalegea, huikamua kwa viganja kama nguo, inabaki kama sifongo. Kisha huipika muda mrefu na ile kabichi chachu na ile nyama ya mafuta, na kila tundu linakunywa mchuzi. Mama mkwe wako alikuambia mwenyewe kwamba haina mchuzi ndani. Mzee Sun alikuwa anatafuta matundu. Walikuwa wanakueleza kwa adabu zote, na mtoto wa watu akajaribu kwa mikono, wewe ukaikimbilia bila koti.

Nimeyajuaje? Mwaka wa 1958 kilikuja kikosi cha mafundi kutoka kaskazini kujenga daraja. Mmoja wao aliitwa Guan. Jioni ya kwanza alikaa mezani kwangu akala vipande vitatu vilivyokomaa, machozi yakamtoka, akasema ni vizuri sana. Mwongo yule. Kesho yake nikamchomea vibichi, visivyokomaa, vikubwa, nikavitumbukiza kwenye mchuzi wa nyama. Alikula ishirini na sita. Nilikuwa natia punje, naye anazitazama zaidi zikianguka kuliko alivyokitazama chakula. Ndiye aliyenieleza habari za kuacha tofu nje. Nilidhani ananitania, maana mimi theluji nilikuwa sijaiona na mpaka leo sijaiona.

Daraja lilipokwisha aliniambia twende wote. Nilimwambia siwezi kuishi mahali pasipo na kisima chetu, nitawapikia nini watu wenu? Akasema, "Lakini kwetu tofu ipo." Nikamwambia hiyo si tofu. Akaondoka.

Sikumwuliza mnagandisha kwa kitu gani. Swali dogo hivyo, na mimi ndiye ninayekugombeza wewe kwamba huulizi. Kwa hiyo sikujua, Caiyun. Habari ya chupa nimeisoma leo nimesimama mlangoni, na Bi Pu akaniuliza nani amekufa.

Lakini mengine nilijua. Nilijua harufu ya tofu iliyokomaa ingewafukuza mezani, nikakuambia uikomaze. Nilijua Yuzhu alikuwa anafanya nini ukutani, nikanyamaza. Nilikutaka urudi. Mikono imechoka, na paa la jikoni linavuja upande wako, na nyumba ina ukimya ambao sikuuzoea. Hiyo ni sababu ya kukuomba urudi. Si sababu ya kukuharibia chakula. Nimekosa, na ninakuomba radhi mimi mtu mzima.

Chukua ile chupa ya mzee wa ushirika. Tia kidogo kidogo, usikoroge kwa hasira. Ibane kiasi tu, bonge kubwa, usiikomaze. Usiku iweke ukutani pale pale. Na mwite Yuzhu akushikie taa.

Ukishakula nao meza moja na bado moyo wako uko darajani kwangu, njoo, pako papo. Ila usije kwa sababu ya tofu.

Shangazi yako


2 Februari 1987

Shangazi,

Shikamoo na heri ya Mwaka Mpya wa Sungura. Barua yako ilifika tarehe ishirini na saba, siku moja kabla ya mkesha. Nilikasirika mpaka jioni. Nilikunja nguo zote za nyumba, zangu na za watu wengine. Kisha nikaenda ushirika na chupa tupu.

Yule mzee alinijaza bila kuniuliza, akasema tu, "Kisima kimekauka?"

Niligandisha jioni ile. Kwa haraka nikamwaga kijiko cha tatu chote kwa mara moja, lakini ikashika. Nikaenda kwa Yuzhu nikamwambia, "Nisaidie kuitoa nje." Alinitazama kwanza kama mtu anayeogopa mbwa. Nikamwambia, "Siku ile nilidhani unaitupa." Akasema, "Wifi! Nani anatupa tofu? Nilitaka nikuonyeshe asubuhi, iwe mshangao, kisha ukaibeba kama mtoto aliyeanguka kisimani. Baba akasema nikuache, ni mgeni, anaipenda hivyo hivyo alivyozoea." Kwa hiyo neno la Mzee Sun lilinihusu mimi kweli, tena kwa wema, nami nililibeba siku hamsini kama tusi. Tukacheka hapo ukutani mpaka pua zikauma kwa baridi.

Siku ya mkesha nikaikamua kama ulivyosema. Ilikuwa na matundu, Shangazi! Niliiangalia dhidi ya dirisha na mwanga ukapita. Natamani ungeyaona, nilisimama nayo hivyo mpaka mama mkwe akauliza kama inaniambia kitu. Tukaitia kwenye chungu na kabichi chachu na nyama, mimi na yeye, yeye akiwa amekaa kwenye kigoda kwa sababu ya goti, akinielekeza moto.

Mezani sikuweka vibakuli vya punje. Sikutaka kuhesabu tena. Niliwaangalia macho tu. Mama mkwe alikula, akafumba macho, akasema, "Hii imekunywa." Dehai alikula ameinamia bakuli, na hapo nikajua zile nne za mwanzo zilikuwa za adabu, maana safari hii hakuwa na nafasi ya kunitazama. Yuzhu alikuwa anawaza kwa sauti kwamba labda tungeiacha nje siku mbili matundu yangekuwa makubwa zaidi. Tutajaribu.

Tukala, tukamaliza, nikaanza kutoa vyombo. Mzee Sun akainuka. Nikajua anakwenda kwenye jiko. Hakwenda. Alikwenda kwenye gunia la mahindi ya kuku, akachota, akarudi akakaa. Akaweka punje mezani mbele yangu, moja moja, polepole, na kwa kila moja akikumbuka kipande alichokula. Kisha akasema, "Mkwe, leo umenisahau. Zangu ni kumi na moja."

Nimelia, siwezi kukuficha. Sikulia kwa uchungu.

Nabaki, Shangazi. Mpe Bi Pu ile sehemu. Punje za Mzee Sun nimeziweka ndani ya bahasha hii, zote kumi na moja, maana wewe ndiye mwenye meza. Ulichonifanyia nimekusamehe, isipokuwa habari ya blanketi. Hiyo mama mkwe bado anaikumbuka.

Nina swali. Punje za Guan zilikwenda wapi?

Mwanao,
Caiyun


19 Februari 1987

Caiyun,

Marahaba. Bahasha ilifika imechanika pembeni na karani wa posta alidhani umenitumia mbegu. Zimefika kumi. Moja imebaki njiani, tusimdai mzee.

Mimi mzima. Paa limezibwa na mtoto wa Bi Pu. Bi Pu yuko darajani tangu juzi, anachoma kwa haraka mno, na wateja wangu wananiletea malalamiko nyumbani. Nimewaambia wamwambie yeye wanasema nini hasa.

Umeuliza, na mimi nimeapa sitakwepa swali tena. Punje za Guan zilikuwa kwenye kopo la chai juu ya kabati, ishirini na sita, miaka ishirini na nane. Wadudu walikuwa wamekula mioyo yake, yamebaki maganda. Jana nilizimwaga uani. Kuku wakazila kama mahindi mengine yoyote. Nilisimama nikiwaangalia mpaka ya mwisho, kisha kopo nikaliosha, na zile kumi za baba mkwe wako nikazitia humo.

Sina meza tena, kwa hiyo sina pa kukaa asubuhi. Dehai ni mtu wa reli, mwulize treni ya mwezi wa kumi na moja inajaa kiasi gani. Sitabeba maji. Mwambie Yuzhu anitafutie soksi, na usiku nitakaofika msiipike tofu. Iwekeni nje, nami niiingize ndani mwenyewe asubuhi.

Shangazi yako,
Guizhen